Pumzi Juu ya Paa

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare za shule, Swabra alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu. Alibeba ndoo hadi bafuni, akafungua mfereji wenye alama nyekundu, akasubiri maji yapate moto, kisha akaijaza ndoo na kuipeleka chumbani kwa mama yake. Mama, Zubeda, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume na sasa alikuwa ndani ya arubaini, zile siku arobaini za uzazi. Siku hizo zote mzazi hatoki nje. Asubuhi na jioni hukandwa mwili kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, na hunyweshwa uji wa pilipili manga, awe na hamu nao asiwe nayo.

Mkandaji alikuwa Bibi Mwanatatu, mama yake baba, na kazi hiyo hakuifanyia mzaha. Aliingiza kiwiko ndani ya ndoo, akanyamaza kidogo kama anayesikiliza, halafu akatoa hukumu.

"Haya ni maji ya kunawisha paka. Rudi ukasubiri tena."

"Abee, bibi," alijibu Swabra, akarudi.

Zamani maji hayo yangechemshwa uani kwa kuni. Lakini Kombe, baba yake Swabra, anayefanya kazi bandarini Kipevu, alinunua mtambo wa sola kuukuu kutoka hoteli moja ya Nyali iliyokuwa ikibadilisha vyombo vyake. Fundi Mueni, mama mmoja jirani yao hapo Junda, Kisauni, ndiye aliyeufunga. Juu ya paa la saruji aliweka bamba pana la kioo la kunasa jua, na kwenye ncha yake ya juu akalaza tangi la chuma. Mabomba yakapita ndani ya kuta hadi bafuni. Tangi lenyewe lilikaa sawasawa juu ya chumba cha mama.

Bibi aliukubali mtambo ule kwa sharti moja. Hapandi mtoto juu ya paa, na hasa saa za jua la utosi.

"Saa hizo si zetu," alisema. "Huko juu kuna wenyewe."

Wenyewe ni akina nani hakueleza, na Swabra hakuuliza. Yeye akili yake yote ilikuwa kwa mtoto. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa peke yake nyumbani, akiwaonea wivu wenziwe waliokuwa na ndugu wa kugombana nao. Sasa alikuwa na Hussam, mwenye vidole vidogo vilivyomshika kidole chake kimoja na kukataa kukiachia. Kumpenda alimpenda mpaka alipokuwa shuleni aliona saa haziendi.

Jumamosi moja, mchana, bibi alimpa mkaja uliofuliwa na kumwagiza akautundike kwenye kamba uani. Uani kulikuwa na kivuli, na kamba ilikuwa imejaa nepi. Swabra naye alikuwa na haraka zake. Rafiki yake Mercyline, bintiye Fundi Mueni, alikuwa akimngoja wacheze kwao, na bibi hangemruhusu kutoka mpaka mkaja ukauke na kukunjwa. Akaitazama ngazi ya chuma ya kupandia paani. Bibi alikuwa amelala. Mama alikuwa amelala. Mtaa mzima ulikuwa kimya, hata kuku walikuwa wamejificha chini ya mikokoteni. Swabra akapanda.

Juu jua lilimpiga usoni mpaka akafumba macho. Kando ya tangi aliona bomba jembamba lililosimama wima, likapinda juu kama mkono wa bakora. Akauning'iniza mkaja pale lilipopinda, akashuka, akakaa kivulini kuusubiri. Aliporudi ulikuwa umekauka, lakini ulikuwa na doa la rangi ya kutu, kubwa kama kiganja. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka mdomo wa lile bomba.

Swabra akakinga mkono chini ya mdomo ule kuona maji yanatoka wapi. Hapo akahisi kitu kilichomsimamisha nywele. Ilikuwa pumzi. Pumzi ya moto, yenye unyevu, ilimgusa kiganja, ikakatika, halafu ikamgusa tena. Ilikuwa kana kwamba ndani ya chuma kile kuna mtu amelala.

Mtu mwingine angekimbia. Swabra naye alitaka kukimbia, lakini alimwogopa bibi yake zaidi kuliko yeyote aliyelala ndani ya bomba. Alifikiri kwamba asipolizuia litaendelea kudondosha maji ya kutu, watu wazima watapanda kuangalia, na habari yake itajulikana. Akachukua kipande cha leso kuukuu kilichokuwa tambara la kufutia ngazi, akakiviringisha, akakishindilia ndani ya mdomo wa bomba. Kisha akakisukuma kwa kijiti mpaka kikapotea ndani kabisa. Pumzi ikakoma. Alishuka mbio, akausugua mkaja kwa ndimu na sabuni mpaka doa likatoka, akauanika tena ukakauka, akaupeleka kwa bibi ukiwa umekunjwa vizuri, na uso wake ukiwa mkavu.

Kesho yake, jua lilipofika utosini, nyumba iligonga.

Sauti ya kwanza ilikuwa ndogo, ngo, ngo, juu ya dari ya chumba cha mama. Bibi akasema ni kunguru. Lakini sauti ikahama. Ikashuka ndani ya ukuta, ikapita nyuma ya kabati, ikafika bafuni na kunyamaza, kama mtu aliyefika alikokuwa akienda. Hussam alifumbua macho, akayakaza kwenye dari. Hakulia. Alitazama tu mahali pamoja, na mama yake alipomgeuza, akageuza shingo yake laini na kutazama palepale.

Jioni, jua lilipozama na hewa kupoa, ilikuja sauti nyingine. Hii ilikuwa ya kumeza. Kitu fulani juu ya paa kilipiga funda refu, kikapumzika, kikapiga jingine. Paka wao, aliyezoea kulala miguuni pa kitanda cha mama, alitoka na hakurudi chumbani humo tena.

Siku zilizofuata mambo yalizidi. Mfereji wa maji moto ulikohoa kabla ya kutoa maji, na mara nyingine ulitoa mvuke mtupu uliolia kwa sauti nyembamba. Bibi alisoma dua, akafukiza ubani kila chumba, akapitisha chetezo chini ya kitanda cha mzazi. Moshi ukatanda, watu wakakohoa, na ukuta ukagonga vilevile.

Swabra hakuwa na haja ya kuambiwa ni nini. Alijua. Alipanda saa isiyo yake, akakuta mwenyewe wa juu amelala, akamziba mdomo. Sasa yule aliyezibwa alikuwa akitafuta njia ya kutokea ndani ya kuta. Kila sauti ilipopita nyuma ya kabati, Swabra aliona kwamba inamtafuta yeye, na kwa bahati mbaya inampata mama na mtoto kwanza. Mara mbili alifungua kinywa amwambie bibi. Mara mbili alikifunga.

Kombe hakuwa mtu wa kuamini majini. Alimwita Fundi Mueni.

Mueni alikuja na mkoba wake wa vyombo. Alibisha hodi, akaamkiana na bibi kwa adabu, halafu akaanza kazi bila papara. Alifungua mfereji mmoja baada ya mwingine, akasikiliza. Alishika mabomba yanayoingia na yanayotoka kuona lipi la moto na lipi la baridi. Kisha alifanya jambo ambalo Swabra hakuwahi kuliona. Alichukua bisibisi ndefu, ncha yake akaigusisha kwenye bomba, na mpini akauweka sikioni.

"Njoo usikie," alimwambia Swabra.

Swabra akaweka sikio. Ndani kulikuwa na mkwaruzo, halafu mchemko, halafu kishindo kimoja kilichomrusha nyuma. Mueni akacheka kidogo.

"Usiogope, ni maji. Lakini maji haya hayana raha, na mimi nataka kujua kwa nini." Alimgeukia bibi. "Mama, niambie ukweli, hata kama ni kitu kidogo. Tangu nilipofunga mtambo huu, kuna mtu amepanda juu? Kuna mtu ameshika kitu?"

"Mtu apande juu nyumba hii?" Bibi alijinyoosha. "Wallahi, hakuna aliyekanyaga. Watoto wangu wanajua mwiko wangu."

Alisema hivyo huku ameweka mkono juu ya bega la Swabra. Swabra alihisi uzito wa mkono ule mpaka miguuni. Angeweza kusema wakati uleule. Alitazama chini.

Mueni alipanda, akakaa juu muda, akashuka na mikono imejaa unga mweupe. Maji ya visima vya Kisauni yana chumvi, na chumvi hiyo ilikuwa imegandisha koki ya usalama, ile inayoachia mvuke unapozidi. Alisema ataagiza koki mpya, na kwa sasa amesafisha palipowezekana. Siku mbili mvua ilinyesha, jua halikutoka, na nyumba ikanyamaza. Bibi akamsifu Mueni mtaa mzima. Siku ya tatu jua likawaka, na ukuta ukagonga kwa nguvu zilizoangusha kioo cha kujitazamia.

Basi bibi akamgeuka Mueni. Aliwaambia majirani kwamba yule mama hajui kazi, amewaletea chuma kibovu cha hotelini na vilivyomo ndani yake. Na akakata shauri. Zubeda angeondoka na mtoto kwenda kwao Likoni, arubaini iishe isiishe. Gari lingekuja Jumatano baada ya sala ya alasiri.

"Kumvusha mzazi kivuko na kichanga chake," mama alinong'ona usiku ule, machozi yakimtoka. "Na nani ajuaye nitarudi lini."

Swabra alilala ameshika kidole cha Hussam, na hakusema neno.

Jumatano, wakati wa mapumziko ya saa sita, Mercyline alimjia shuleni. Siku hizo walikuwa hawaongei sana.

"Bibi yako anasema mama yangu ni fundi bandia," alisema Mercyline. "Watu wawili wamemwambia asiende tena kwao. Jana hakula. Alichora ule mtambo wenu kwa chaki pale sakafuni, akawa anauzunguka tu."

"Mimi sijasema hivyo," alijibu Swabra.

"Sijasema ni wewe. Mama anasema haelewi. Tangi likipata moto sana, mvuke unatoka kwa bomba la kupumulia. Lile jembamba, lililopinda. Mdomo wake uko wazi mchana na usiku, ndiyo maana hakuogopa hata koki ilipoganda. Nikamwuliza, je, likizibika? Akasema hilo haliwezi kuzibika lenyewe, na likizibika hakuna pengine pa kutokea, tangi litapasuka."



Swabra alitazama kivuli chake. Kilikuwa kimejikunja miguuni, kidogo kabisa. Jua lilikuwa utosini. Akafikiri upesi, na wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri. Alasiri mama na Hussam watakuwa wameondoka. Wakishaondoka, atapanda mwenyewe, atalitoa tambara, na hakuna atakayejua maisha yake yote. Ni saa chache tu za kunyamaza. Kunyamaza alikuwa amekwisha kuzoea. Lakini sasa hivi, saa hii ya jua kali, mama na mtoto walikuwa wamelala chini ya tangi.

"Mwite mama yako," alimwambia Mercyline. "Mwambie limezibwa. Mwambie ni mimi."

Alikimbia. Kiatu kimoja kilimvuka kwenye mchanga wa Junda, hakukirudia. Alipofika, mlio ulikuwa unasikika mpaka njiani. Haukuwa kugonga tena. Ulikuwa mlio mrefu wa chuma kinachovutwa. Bibi alikuwa ameketi kizingitini pa chumba cha mama, chetezo mbele yake, midomo ikienda kwa dua.

"Bibi, watoke," Swabra alisema, akihema.

"Nani atoke? Shuleni umetokaje saa hii?"

"Mama na mtoto. Si jini, bibi. Nilipanda juu kuanika mkaja, nikaziba bomba kwa tambara. Mvuke hauna pa kutokea. Tangi litapasuka."

Bibi alimtazama. Uso wake ulibadilika, na Swabra aliona jambo lililomuumiza kuliko kofi. Bibi yake alikuwa akikikumbuka kiapo chake.

Aliinuka, akaingia ndani, akamfunika Zubeda leso kichwani na nyingine mabegani, akamchukua Hussam kifuani. Mzazi wa arubaini akatolewa nje saa ya jua la utosi, jambo ambalo bibi hakuwahi kuliruhusu kwa mtu yeyote. Wakakaa kibarazani kwa jirani, upande wa pili wa njia, wakiisikiliza nyumba yao ikilia bila mtu ndani.

Mueni alifika mbio, Mercyline nyuma yake. Aliwakataza wote kusogea. Alijifunga taulo nene mkononi, akaingia bafuni, akasimama pembeni na kuufungua mfereji wa moto kidogo kidogo. Mvuke ukatoka kwa ukelele uliowafanya watu mtaani watoke nje. Uliendelea muda mrefu, ukapungua, ukawa mkoromo. Ndipo akapanda na mablanketi, akaufunika ule uso wa kioo usipate jua tena, akashuka kungoja chuma kipoe.

Gari la Likoni lilikuja alasiri. Bibi alimwambia dereva asubiri.

Mueni alipanda tena na waya aliokuwa ameupinda ncha. Swabra, aliyeruhusiwa kusimama kwenye ngazi, alimwona akichokoa mdomo wa bomba, akivuta, akivuta tena. Tambara likatoka, jeusi, limeloa. Halafu bomba likapumua. Ilikuwa pumzi moja ndefu kabisa, iliyopita juu ya paa na kushuka uani, na kila aliyekuwa pale aliisikia. Baada yake nyumba ikawa kimya.

Mueni aliwaonyesha tangi. Upande mmoja lilikuwa limevimba tumbo, na kwenye mshono wake matone yalikuwa yamejipanga. Upande huo ndio uliotazama chumba cha mama. 

"Mchana maji yalipanuka, yakakosa njia, yakagonga," Mueni alieleza. "Jioni yalipopoa, tangi likavuta maji mengine kwa nguvu. Hayo ndiyo mafunda mliyoyasikia. Nikisikiliza bomba, huniambia lina shida. Nani alilishika, haliwezi kuniambia. Hilo huambiwa na watu."

Bibi alilitwaa tambara, akalikamua, akalikunjua. Lilikuwa kipande cha leso yake mwenyewe.

"Uliniacha nikaapa, Swabra," alisema taratibu. "Mkono wangu ulikuwa begani pako."

Swabra alilia. Hakujitetea, kwa sababu hakuwa na la kujitetea. Bibi alimwacha alie, halafu akamketisha karibu naye.

"Sikiza, mjukuu wangu. Ungeniambia siku ileile kwamba umepanda juu na kuutia doa mkaja, ningekupigia kelele mpaka jioni, kisha tungekula na kulala. Kosa lako lilikuwa dogo hivyo. Lakini ulilinyamazia, na kimya hicho ndicho kilichokaa humu ndani na sisi. Ndicho kilichogonga kuta. Kikamharibia jina mama wa watu, kikataka kumfukuza mamako, kikakaribia kumuua ndugu yako. Ukikosea, sema mapema, kosa lingali dogo." Akalikunja lile tambara. "Na mimi nilimsema mtu kwa jambo nisilolijua. Basi sote wawili tuna pa kwenda."

Magharibi ile, gari la Likoni lilipokwisha kuondoka tupu, bibi na mjukuu walitoka wakiwa na sahani ya mahamri iliyofunikwa kitambaa. Waliingia kila nyumba ambamo bibi alikuwa amemsema Mueni, na katika kila nyumba Swabra ndiye aliyeeleza, kwa mdomo wake mwenyewe, nani aliziba bomba. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mueni. Mercyline alifungua mlango, akamtazama rafiki yake mguuni, akacheka. Alikuwa amekishika mkononi kile kiatu cha Swabra kilichobaki mchangani.

Tangi jipya lilifungwa, na koki mpya. Swabra aliendelea kubeba ndoo yake kila alfajiri, bibi akaendelea kuingiza kiwiko na kukunja uso.

Hata leo, mchana, jua linapofika utosini na Junda nzima kunyamaza, pumzi ile husikika juu ya paa. Inakuja, inakatika, inakuja tena. Swabra anajua ni mvuke. Hata hivyo kila anapoisikia huacha alichokuwa akifanya, akajiuliza kama kuna jambo analoficha, na likiwapo, humtafuta bibi yake akamwambia.